Pikipiki ya porini iliyotumika kwa njia za mawe na vumbi (Arusha, Monduli, Longido): nichague ipi na niikague vipi?

Njia_ya_Mbuzi

Habari zenu wakuu. Natafuta pikipiki ya porini, ya mtumba au iliyokwisha kutumika hapa nchini. Sitaki ya mashindano. Nataka ya kupita njia za ng'ombe, makorongo na milima wikiendi: Arusha kwenda Monduli, kushuka Longido, na safari ndefu moja moja hadi Lushoto. Lami haitazidi theluthi ya safari.

Urefu wangu sm 163, uzito kilo 61. Nimezoea kuendesha Boxer, kwa hiyo gia na klachi hazinisumbui, ila sijawahi kuendesha pikipiki ndefu. Bajeti ni milioni 5, humo humo na gharama za kubadilisha umiliki.

Nilizoonyeshwa mpaka sasa: Honda XR250, Yamaha Serow, Suzuki Djebel 200, Kawasaki KLX250, Yamaha DT125 na AG200 iliyokuwa ya mradi. Kila muuzaji anasema yake ni ya kuwasha na kuondoka. Naomba mnisaidie ipi inanifaa, nikaguaje kabla ya kutoa hela, na nibakize kiasi gani kwa matengenezo ya mwanzo.

---

Gia_ya_Kwanza

Dada, kwa urefu huo na njia hizo, anza na kimo cha kiti kabla ya kuuliza nguvu. Kwenye korongo la mawe pikipiki husimama ghafla, na usipofika chini kwa mguu inaangukia upande wa bonde. Serow 225 ina kiti cha sm 81, Serow 250 sm 81 hadi 83 kutegemea mwaka. XR250 na KLX250 zote zinapita sm 85, na KLX ndiyo ndefu zaidi. Mtu wa sm 163 anaweza kuzizoea, lakini si vizuri kujifunzia hapo.

Serow ingekuwa chaguo langu la kwanza kwako. Injini inapozwa kwa hewa, kwa hiyo hakuna rejeta ya kupasuka ukianguka kwenye mawe. Gia ya kwanza inatambaa polepole bila kuzima, na usukani unakata kona kali kwenye njia nyembamba. Za 225 cc zilianza kutoka mwaka 1985, na za kwanza kabisa huwashwa kwa kiki peke yake. Za 250 zilianza 2005 zikiwa na kabureta, kisha kuanzia 2008 zikaja na mfumo wa kunyunyiza mafuta. Soma mwanzo wa namba ya chesisi: DG11J ni ya kabureta, DG17J ni ya kunyunyiza.

Kwa kupanda na kushuka milima, ya kunyunyiza ina raha kwa sababu inajirekebisha yenyewe hewa inapopungua. Lakini betri ikifa porini umekwama, na uchafu ndani ya tangi unaua pampu. Ya kabureta fundi yeyote wa Longido anaifungua chini ya mti.

Djebel 200 inakuja ya pili. Kiti cha chini, injini rahisi, tangi la lita 13 wakati nyingi za aina hii hubeba chini ya 10. Hiyo ni faida kubwa ukitoka Longido kuelekea kusiko na sheli. Shokapu zake ni laini. Ukiruka tuta kwa kasi zinagonga mwisho.

XR250 ni injini ngumu na spea zake zinajulikana. Ukiipata iliyo safi, na kiti kikapunguzwa sifongo sm 3 hivi, itakufaa miaka mingi. KLX ina nguvu zaidi na foku (shokapu za mbele) nzuri zaidi, ila inapozwa kwa maji, ni ndefu, na ukarabati wake unataka fundi anayejua kupima valvu zinazorekebishwa kwa vidonge vya chuma badala ya skrubu.

AG200 isidharauliwe. Injini yake ya cc 196 ni ndugu ya ile ya TW200, cheni imefungwa ndani ya kava kwa hiyo vumbi haliifikii, na ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba. Ni nzito, ina vyuma vingi vya kubebea mizigo, na shokapu zake ni fupi. Kwa mwendo wa taratibu inafika kokote. Kwa mwendo wa kasi kwenye mawe itakuchosha mikono.

Usiingie kwenye CRF250R, YZ wala KX za mashindano hata ukipewa kwa bei ya Serow. Kitabu cha Honda cha CRF250R kinataka pistoni na ringi zibadilishwe kila baada ya saa kama 15 za mashindano. Matumizi yako ni ya upole zaidi, lakini injini hiyo bado inahesabiwa kwa saa, haihesabiwi kwa kilomita. Tena haina taa wala namba.

Zipo pia za Kichina aina ya 200GY. Injini zake zinapokea spea nyingi za bodaboda, kwa hiyo hutakosa kifaa. Shida iko kwenye rimu, spoki na beringi za usukani: mawe ya Monduli yanazilegeza mapema.

---

Spana_Kumi

Nakubaliana na Gia kuhusu Serow. Kwenye ukaguzi nitaongeza mengi, maana pikipiki ya porini hufa kwa vumbi kabla ya kufa kwa kilomita.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja karibu na bomba la moshi kisha uguse kava la injini. Ikiwa ya moto, ameipasha ili kuficha ugumu wa kuwaka au moshi wa asubuhi. Rudi siku nyingine.

Kabla ya kuiwasha, toa chujio la hewa. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote. Toa sifongo, halafu pitisha kidole ndani ya mpira unaokwenda kwenye kabureta, upande wa ndani ya chujio, kule ambako hapatakiwi kuwa na chembe hata moja. Sugua kidole na dole gumba. Ukisikia mchanga, injini imekuwa ikimeza vumbi, na ringi, silenda na viti vya valvu vimeliwa hata kama leo inawaka vizuri. Angalia pia sifongo lenyewe. Mara nyingi utakuta kipande cha godoro kimekatwa kwa mkasi. Sifongo la godoro halishiki oili ya chujio, linapitisha vumbi laini, na likizeeka linavunjika vipande na kuingia ndani. Sifongo sahihi lina nata ya oili na ukingo wake umekaa sawasawa kwenye fremu, bila mwanya.

Kisha oili. Fungua kidogo nati ya kumwagia, pokea matone kwenye karatasi nyeupe, uyapeleke juani. Vumbi jeusi la klachi ni kawaida. Chenga za fedha zinazong'aa ni aluminiamu, za rangi ya shaba ni bushi, na vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno ya gia. Hivyo viwili vya mwisho, achana nayo.

Kwa XR250 kuna jambo ambalo wengi hukosea: oili yake inakaa ndani ya fremu, kwa hiyo ukipima injini ikiwa baridi kijiti kitakudanganya kwamba imepungua. Iwashe, iache resi ya chini dakika 3 hadi 5, izime, subiri dakika 2 au 3, ndipo upime. Wasiojua hili huongeza oili mpaka inatapika kwenye boksi la chujio.

Sasa washa. Moshi wa bluu unaotoka sekunde chache za mwanzo na kukata ni sili za valvu. Moshi wa bluu unaozidi ukivuta mafuta kupanda mlima ni ringi au silenda. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Hapa Arusha tuko karibu mita 1,400, na kabureta ya Japani imepangwa kwa usawa wa bahari, kwa hiyo weusi kidogo kwenye plagi usikutishe. Sikiliza upande wa cheni ya taimingi: mlio kama wa minyororo unaoendelea baada ya injini kupata moto ni cheni iliyolegea au kikaza chake kimechoka.

Ukiendesha, ingiza gia ya 4 ukiwa mwendo wa chini na uvute mafuta yote. Resi ikipanda lakini mwendo haupandi, klachi inateleza. Uliza oili gani imewekwa kabla ya kulaumu sahani, kwa sababu oili ya gari yenye vilainishi hufanya klachi ya pikipiki iteleze. Tafuta alama ya JASO MA kwenye kopo, yaani oili inayofaa klachi ya pikipiki. Kisha jaribu gia ya 2 kwa nguvu, uvute na kuachia mara kadhaa. Ikiruka yenyewe, kuirekebisha ni kupasua injini nzima. Usikubali punguzo lolote la bei hapo, ondoka.

Upande wa chini: weka kreti chini ya injini ili gurudumu la mbele liwe hewani. Zungusha usukani taratibu kwa kidole kimoja. Ukisikia unanasa kidogo katikati, pale ambapo gurudumu linatazama mbele, beringi za usukani zimechimbika. Shika foku kwa chini, vuta na sukuma. Zikicheza, ni beringi hizo hizo au bushi za foku. Pitisha ukucha kwenye chuma kinachong'aa cha foku: mikwaruzo na vishimo vya kutu hukata sili mpya ndani ya wiki.

Nyuma, nyanyua kwa kushika chini ya kiti. Gurudumu likiinuka kidogo bila shokapu kusogea na ukasikia "tak", beringi za viungo vya shokapu zimekauka. Ni vifaa vidogo ambavyo watu hawavipaki grisi kabisa, na kwa modeli zenye viungo vingi ukarabati wake ni ghali.

Spoki: gonga kila moja kwa bisibisi. Inayotoa sauti nzito, isiyolia, imelegea. Mbili tatu si tatizo, nusu ya rimu ni tatizo. Angalia rimu ya mbele kama imebonyezwa na jiwe, kisha izungushe ukiilinganisha na foku. Mchezo wa mm 2 unavumilika.

Kwenye kilomita za dashibodi usiweke imani. Geji ya mtumba hubadilishwa kwa dakika 10, na nyingi husomwa kwa waya wa gurudumu la mbele ambao unaweza kuwa ulikatika mwaka mzima. Tazama meno ya vikanyagio, mpira wa pedali ya gia, meno ya sproketi na kiti. Vikanyagio vilivyoliwa mpaka vimekuwa laini na geji inayosoma kilomita 9,000 haviwezi kuwa vya pikipiki moja.

---

Vumbi2T

Mbona DT125 imepitwa kimya kimya? Kwa dada wa kilo 61 anayeanza porini, pikipiki nyepesi inasamehe mengi kuliko nguvu. Ukianguka unainyanyua mwenyewe. Silenda na pistoni fundi anabadilisha asubuhi moja kwa spana za kawaida, na haina valvu za kichwani, kwa hiyo hakuna tapeti (nafasi ya valvu) za kupima.

Lakini lazima ujue inaua vipi. Swali la kwanza kwa muuzaji: pampu ya oili bado ipo? DT ilitengenezwa na tangi dogo la oili ya 2T (injini ya mipigo miwili) na pampu inayoichanganya yenyewe. Wengi wameitoa na wanachanganya ndani ya tangi la petroli. Usipoambiwa na ukajaza petroli tupu, pistoni inajam kabla hujafika Kisongo. Ikiwa imetolewa, changanya 1 kwa 32 mpaka 1 kwa 40 ukitumia oili nzuri ya 2T: kwa lita 5 za petroli ni mililita 156 kwa kipimo cha kwanza, 125 kwa cha pili. Nunua chupa yenye vipimo. Kukadiria kwa kizibo ndiko kunakoua injini. Ikiwa pampu ipo, tazama bomba jembamba la plastiki linalotoka kwenye tangi la oili. Mapovu ya hewa humo ndani ni hatari. Lazima yatolewe kabla ya safari.

Jambo la pili ni sili za kranki, ziko mbili. Ya upande wa klachi ikichoka, injini inanyonya oili ya gia: moshi mweupe mzito usiokata, na oili ya gia inapungua bila kuvuja nje. Ya upande wa sumaku ikichoka, injini inanyonya hewa: resi inapanda na inachelewa kushuka ukiachia mafuta. Hii ya pili ndiyo mbaya, maana hewa ya ziada inachoma pistoni.

Na ukiwa unashuka Lushoto kwenda Mombo, usifunge mafuta moja kwa moja ukaiachia gia ikushikie. Kwenye 2T oili inafika silenda pamoja na petroli. Ukifunga, pistoni inapanda na kushuka kwa kasi bila kulainishwa. Vuta mafuta kidogo kila baada ya sekunde chache, na utumie breki.

---

Njia_ya_Mbuzi

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimekwenda kuona mbili nikiwa na orodha yenu mkononi.

Ya kwanza ni XR250. Ilikuwa baridi. Moshi wa bluu kama nusu dakika, halafu ukakata. Boksi la chujio lina oili chini, kama vijiko vitatu vya chakula. Muuzaji anasema ni kawaida ya XR. Matairi yake ni mapana na madogo, la mbele limeandikwa 110/70-17.

Ya pili ni Serow 250, DG11J, kilomita 18,000. Baridi inawaka mara moja, injini kimya kabisa, haina moshi. Nimeizungusha kama dakika 20 kwenye njia ya vumbi, ikazima kama imeishiwa mafuta. Nikasubiri dakika 10, ikawaka tena vizuri. Kifundo cha usukani kinanasa kidogo katikati. Chujio safi, kidole kimetoka bila mchanga. Shokapu ya nyuma kavu. Bei milioni 4.4, anasema atapunguza.

---

Spana_Kumi

Umekagua vizuri sana, dada.

XR: hiyo si ya kwako hata injini ingekuwa mpya. Namba 17 kwenye tairi la mbele inamaanisha ni XR250 Motard, iliyotoka kiwandani na rimu za lami. Ya porini ina 21 mbele na 18 nyuma. Matairi ya meno makubwa ya inchi 17 kwa mbele ni machache, na gurudumu dogo linaingia kwenye shimo ambalo la 21 lingevuka. Kutafuta rimu mbili kamili na hubu zake ni gharama isiyo na sababu. KLX nayo ina ndugu wa namna hiyo anaitwa D-Tracker. Uwe macho, huku huuzwa kwa jina la KLX. Oili ya kwenye boksi inaweza kuwa ni kule kujaza kupita kiasi nilikoeleza, na moshi wa nusu dakika unaelekea kwenye sili za valvu. Ila huna haja ya kuhangaika nayo.

Serow ndiyo ya kufuatilia. Kuzima ikiwa ya moto na kuwaka ikipoa kuna sababu tatu kuu, na zinatofautiana bei mno, kwa hiyo usikubali "ni plagi tu mama". Rudi na fundi, iendesheni mpaka izime tena, halafu mfuate mpangilio huu pale pale bila kuisubiri ipoe.

Kwanza fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inavutwa "fyuu", kisha ikawaka, tatizo ni kitundu cha kupumulia cha kifuniko kimezibwa na vumbi. Petroli haiwezi kushuka kwa sababu hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Ukisubiri dakika 10 hewa inapenya polepole na inawaka tena, sawa na ulivyoona. Dawa yake ni kupuliza kifuniko.

Kama si hapo, toa plagi, irudishe kwenye kofia yake, uigusishe chuma kwenye injini na upige stata. Cheche ya bluu yenye mlio ni nzima. Cheche ya njano au hakuna cheche wakati ni ya moto, halafu inarudi ikipoa, ni koili au kihisi cha sumaku. Waya wa ndani unapanuka kwa joto na kukatika. Kifaa hicho kinatafutika, lakini kipate bei kwanza kabla hujalipa.

Cheche ikiwepo, kuna tapeti. Ulivyosema injini iko kimya kabisa, ndipo nilipotega sikio. Injini ya valvu mbili inayopozwa kwa hewa huwa na mlio mdogo wa tik-tik. Ikiwa kimya mno, valvu ya kutolea moshi inaweza kuwa imebana. Ikipata moto inapanuka, haifungi kabisa, pumzi inapotea, na injini inazima. Pimeni asubuhi ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu kwenye pigo la kubana, kwa vipimo vya kitabu cha modeli hiyo hiyo. Kurekebisha ni nati na skrubu. Tatizo ni kama imekaa hivyo muda mrefu: ukingo wa valvu unaungua na hapo kichwa lazima kifunguliwe. Kwa hiyo baada ya kurekebisha, pima pumzi (mgandamizo wa silenda) kwa geji. Shika kiwango kilichopatikana, ongeza kijiko cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Kikipanda sana, ringi zimechoka. Kikibaki pale pale chini, valvu hazifungi. Baadhi ya injini hizi zina kifaa cha kupunguza pumzi wakati wa kuwasha, kwa hiyo namba yenyewe inaweza kusoma chini. Cha kuangalia ni tofauti kati ya vipimo viwili.

Pimeni na chaji: betri ikiwa imetulia isome karibu volti 12.6, na kwenye resi ya kati 13.5 hadi 14.5. Serow hii haina kiki, kwa hiyo chaji mbovu ni safari iliyoishia njiani.

Beringi za usukani zilizonasa ni za kubadilisha. Si kazi kubwa, na ni sababu halali ya kushusha bei. Ikitokea ni kifuniko cha tangi au tapeti iliyobana bila kuungua, nunua.

---

Kadi_Mkononi

Naongeza la makaratasi kwa sababu hapo ndipo hela nyingi zinapotea. Omba kadi ya usajili halisi, si picha. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku, tarakimu kwa tarakimu. Futa grisi kwa kitambaa chenye petroli uone kama eneo limesagwa au herufi hazilingani kwa kina. Pikipiki za mtumba zimebadilishiwa injini sana. Injini tofauti si kosa ikiwa imesajiliwa hivyo, ila kama kadi inasema nyingine, umiliki hautabadilishwa.

Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Akisema ni ya shemeji, shemeji aje. Andikianeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, ukiwa na namba zote mbili, kisha mwende TRA kubadilisha umiliki; wote wawili mtahitaji TIN. Angalia pia faini za trafiki kwa namba ya usajili kwenye mfumo wa polisi, maana deni linafuata chombo.

Ukirudi kwenye ile AG200 ya mradi: ikiwa bado ina namba ya DFP (mradi wa wafadhili), STK (serikali) au SU (shirika la umma), haiwezi kuwa mali ya mtu binafsi mpaka iwe na hati za mnada na isajiliwe upya kwa namba ya MC. Bila hati hizo usitoe hata kianzio.

---

Gia_ya_Kwanza

Kuhusu cha kubakiza: usitoe zaidi ya robo tatu ya bajeti kwa pikipiki yenyewe. Kwa milioni 5, lengo liwe kwenye milioni 3.7 au 3.8, na Serow ile ina hoja mbili za kushushia bei. Zinazobaki zinakwenda kwenye matairi, cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja (cheni mpya kwenye sproketi iliyochongoka inaliwa upesi), beringi za usukani, oili, chujio, umiliki, na kofia na viatu vya kufunika kifundo kama huna.

Tazama mwaka wa matairi pembeni: tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT, mfano 1419, ni wiki ya 14 ya 2019. Tairi la zamani linakuwa gumu kama kuni hata kama meno yote yapo.

Upepo: kwa uzito wako na tyubu za kawaida, psi 16 hadi 18 mbele na nyuma ukiwa porini, uongeze ukirudi lami. Chini ya hapo, jiwe linabana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili sambamba, au tairi linazunguka juu ya rimu na kung'oa valvu. Longido ina miiba ya migunga, kwa hiyo weka tyubu nene mbele. Serow 250 nyuma ni tairi lisilo na tyubu, kwa hiyo beba pia vijiti vya kuzibia na pampu ya mkono. Tyubu ya akiba beba ya inchi 21: inaingia na kwenye 18 kwa dharura, ila ya 18 haivutiki mpaka 21.

Ukiona gia ya kwanza bado ina kasi kubwa kwenye kushuka kwa mawe, punguza jino moja kwenye sproketi ya mbele. Jino moja la mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma, na ni rahisi kurudisha.

Baada ya safari ya kwanza ya mawe kaza spoki zote, taratibu, robo mzunguko kwa kila iliyolegea, ukizungusha rimu kila mara uone haijapinda. Spoki zilizokaa muda mrefu bila kuguswa hulegea sana kwenye safari hiyo ya kwanza kuliko zote zitakazofuata. Leta majibu ya kipimo cha Serow hapa kabla hujalipa.

---

Njia_ya_Mbuzi

Jumamosi asubuhi narudi na fundi, na muuzaji amekubali ibaki baridi na kwamba tutaiendesha mpaka izime. Nitabeba kipimo cha tapeti na mita ya volti. Nitaweka vipimo hapa jioni hiyo hiyo.